Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ligi ya Kandanda Wakati wa Vita

Katika miteremko ya Bwesumbu, wilayani Kasese, ardhi tambarare ni adimu, na kila kipande chake hugombewa na kahawa, maharagwe na muhogo. Hata hivyo vijana wa mlimani hawakosi mahali pa kuchezea kandanda. Mpira wa dukani usipopatikana, hufungwa wa majani makavu ya mgomba. Nao ukitoka nje huporomoka bondeni, na mchezo husimama hadi arudi mtoto aliyetumwa kuufuata.

Mchezo wa namna hiyo hauhitaji zaidi ya furaha ya majirani. Ligi ni jambo jingine. Ligi huhitaji njia iliyo salama, kwa kuwa kila juma nusu ya timu huwa ugenini, na wachezaji wake hawana budi kuwa na hakika kwamba watarudi kwao wakiwa wazima. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Vita vinapoingia nchini, mgeni huyo ndiye wa kwanza kukosekana.

Uganda imelijua jambo hili kwa uchungu. Ligi yake ya taifa ilianza mwaka 1968, na mabingwa wa kwanza walikuwa Prisons, timu ya askari magereza wa Kampala, waliolitwaa taji tena mwaka 1969. Mwaka 1971 zamu ikawa ya Simba, timu ya jeshi. Mwaka uliofuata Simba hao walifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa barani Afrika, wakashindwa na Hafia ya Guinea kwa jumla ya mabao 7 kwa 4. Hivyo askari alikuwa mtu wa kushangiliwa uwanjani, wakati uleule ambapo, chini ya utawala wa Idi Amin, raia wengi walianza kumwogopa barabarani.

Hofu hiyo haikuishia barabarani. Mwaka 1977 klabu ya Express, iliyopendwa na umati mkubwa wa watu wa Kampala, ilipigwa marufuku, ikishukiwa kuwa kimbilio la wapinzani wa serikali. Mashabiki wake walijifunza kwamba hata kushangilia kunaweza kuhesabiwa kuwa kosa.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo kandanda ya Uganda ilikuwa imepevuka. Mwezi Machi 1978 timu ya taifa, Cranes, iliifunga Nigeria mabao 2 kwa 1 na kuingia fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra. Tarehe 18 mwezi huo ilishindwa na wenyeji Ghana kwa mabao 2 kwa 0, lakini mshambuliaji wake Phillip Omondi alirudi nyumbani akiwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano, kwa mabao yake 3. Mwaka huohuo Simba wakawa mabingwa wa ligi. Mtu aliyetazama kandanda peke yake angeweza kudhani kuwa jeshi la nchi hiyo lilikuwa katika kilele cha heshima yake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi hilo lilivuka mpaka na kuivamia Kagera, nchini Tanzania. Tanzania ilijibu. Mwezi Januari 1979 wanajeshi wake waliingia Uganda, na pamoja nao wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Februari ilipokwisha, Masaka na Mbarara zilikuwa zimeanguka. Tarehe 11 Aprili ikatangazwa kwamba Kampala nayo imetwaliwa. Jeshi lililoilea timu ya Simba likasambaratika, wengine wakikimbilia Sudan, wengine Zaire. Kombe halikuwa ngao. Watu hawamlindi askari kwa sababu ya mabao aliyofunga, ikiwa nje ya uwanja amewanyima usingizi.

Lakini mwaka 1979 haukwisha bila bingwa. Taji la ligi lilikwenda kwa UCB, timu ya benki ya biashara ya taifa, na Express nayo ikarudi kucheza hadharani. Nchi ilikuwa na maduka yaliyoporwa, na usiku wa Kampala ulikuwa bado na milio ya risasi. Hata hivyo watu walirudi Nakivubo, uwanja ambao jina lake lenyewe ni kumbukumbu ya waliokufa vitani. Tiketi ya mchezo haikujaza sufuria ya mtu yeyote, ila ilimwambia kila aliyeishika kwamba kesho imeanza tena kuhesabiwa.

Si Uganda peke yake iliyopitia hali hiyo. Huko Ireland, ambako watu hucheza kandanda yao ya jadi iitwayo ya Kigaeli, inayoruhusu kuudaka mpira kwa mikono, Vita vya Pili vya Dunia viliikuta nchi isiyopigana lakini isiyo na mafuta wala makaa ya kutosha. Ligi ya kandanda hiyo ilisimamishwa kuanzia mwaka 1942 hadi vita vilipokwisha, kwa sababu ya ugumu wa safari. Mashindano ya kuwania ubingwa wa nchi hayakukatika, na mwaka 1944 watazamaji 79,245 walifika Dublin kuona Roscommon wakiwashinda Kerry, ingawa safari za treni zilikuwa chache mno. Wengi walikwenda kwa baiskeli.

Watu wa Kasese wana sababu ya kuelewa jambo jingine zaidi: vita vinaweza kuwa vya upande mmoja wa nchi. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF waliishambulia Mpondwe, karibu na Bwera, wakitokea Zaire. Kwa miaka kadhaa iliyofuata familia nyingi za mlimani ziliacha mashamba na kujihifadhi bondeni na makambini. Katika miaka hiyo ligi ya taifa haikusimama: mwaka 1997 KCC walikuwa mabingwa, na mwaka 1998 SC Villa. Redio ilitangaza mabao ya Nakivubo kwa watu ambao viwanja vya kwao vilikuwa vimeota majani. Na tarehe 16 Juni 2023 mpaka huohuo ulilia tena, shule ya sekondari iliposhambuliwa huko Mpondwe na wanafunzi zaidi ya 30 kuuawa. Walikuwa vijana wa umri uleule wa kukimbilia mpira.

Kwa hiyo askari anayelinda njia ya mlimani analinda pia ratiba ya mchezo, hata kama hana viatu vya kandanda. Polisi wa Uganda, ambao timu yao ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 2005, wanajua jinsi jezi inavyoweza kumsogeza mwenye sare karibu na raia. Lakini jezi huvaliwa kwa dakika 90. Siku zilizobaki raia humpima askari kwenye kizuizi cha barabarani, kisimani na sokoni: jinsi anavyomsalimu mzee, na jinsi anavyolipia ndizi alizochukua.

Nyumbani nako kuna kazi. Mama anayemruhusu mwanawe kwenda kucheza kijiji cha ng'ambo ya mto ameiamini njia, na amewaamini watu wa huko. Baba anayewapa wageni maji baada ya timu ya kijiji chake kufungwa ameilinda imani hiyo. Ligi ya kweli huanzia hapo, mgeni anapoondoka jioni na mwenyeji akamwambia: karibu tena.