Shaba Twaijua Ilipo; Hekima Je?

Ukiokota jiwe katika nchi ya Kakanda, upande wa Likasi, huenda ukaona mshipa wa kijani umepita katikati yake. Mtoto wa huko hana haja ya mwalimu kumweleza maana yake: hapa pana shaba. Babu zetu wa Katanga walijua hayo kabla ya kampuni yoyote kufika. Waliitwa walaji wa shaba. Waliyeyusha mawe katika tanuru za udongo, wakaimimina shaba katika kalibu za umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha yao: ililipa mahari, ikazikwa pamoja na wafu. Habari za Msalaba wa Golgota walikuwa hawajazisikia, lakini mikono yao ilikwisha kulizoea umbo lake. (Twatabasamu tukikumbuka hayo, ila tusiyajengee mafundisho.) Mwaka 1906 ilianzishwa Union Minière, mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza, mwaka 1967 migodi ikawa mali ya Serikali. Leo kampuni za mataifa mengi zachimba huko, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yatoka Kongo.

Basi katika nchi ya namna hiyo kijana hujifunza mapema kwamba kuishi ni kuchimba. Huacha daftari, hushika nyundo na gunia. Jumamosi ana fedha, Jumatatu hana. Na siku moja, ameketi juu ya gunia lake akimngojea mnunuzi, swali lamjia asilofundishwa na mtu: Mimi naishi kwa ajili ya nini? Swali hilo si upumbavu, wala si dalili ya imani haba. Limo katika Maandiko Matakatifu, na tena, ajabu, limo mahali panaposimuliwa wachimba migodi.

Fungueni Kitabu cha Yobu, sura ya 28. Hapo mtu ashuka gizani na taa yake, apasua miamba, apindua milima tangu mizizi, ajifunga kamba na kuning'inia shimoni mbali na watu, mahali ambapo hata jicho la tai halijafika. Mwandishi hawadharau wachimbaji, awastaajabia. Halafu ageuka ghafula na kuuliza: huyu awezaye kufichua kila kilichofichwa, ataichimba wapi hekima? Kilindi chasema haimo kwangu. Bahari yasema vivyo hivyo. Dhahabu haiwezi kuinunua. Mungu peke yake ajua njia yake, naye amemwambia mwanadamu neno fupi: kumcha Yeye, na kujitenga na uovu.

Kumcha Mungu si kutetemeka kama mtumwa. Ni kumheshimu kama mtoto mwema amheshimuvyo baba yake. Na uovu wa kujitenga nao hauko mbali. Ni mizani inayopunja gunia la maskini. Ni kumwingiza shimoni mtoto wa miaka kumi kwa sababu mwili wake ni mwembamba. Ni mshahara unaoishia njiani kabla haujamfikia mama wa nyumba.

Wengine watatujibu: maneno hayo ni mepesi kwa aliyeshiba. Lakini katika kitabu hicho anayesema ni Yobu, aliyekwisha kuzika watoto kumi, naye ameketi majivuni na vidonda vyake.

Tena wako wachimba shaba walioyaishi maneno hayo. Kusini ya Bahari ya Chumvi palikuwa na migodi ya kale iitwayo Faeno. Katika mateso yaliyoanzishwa na Kaisari Diokletiano mwaka 303, Wakristu wengi walihukumiwa kwenda kuchimba huko, wamekwisha kupofushwa jicho moja na kulemazwa mguu. Eusebio, Askofu wa Kaisarea, aliyeishi siku zile, atusimulia kwamba waligeuza nyumba kuwa makanisa. Wazee na vilema wasioweza kazi walitengwa mahali pao, na huko wakashika sala na kufunga. Kwa hesabu ya mgodi watu hao hawakuwa na faida yoyote. Mwaka 310 hivi watu 39 kati yao walikatwa vichwa kwa siku moja, pamoja nao Silvano, Askofu wa nchi ya Gaza.

Mmoja wao aliitwa Yohane, mtu wa Misri, kipofu. Eusebio asema kwamba siku moja alisikia kanisani sauti ikitamka Maandiko, akadhani ni msomaji ameshika kitabu, kama ilivyo desturi. Akajipenyeza katikati ya watu hata akamkaribia. Kitabu hakikuwapo. Watu wenye macho mazima walikuwa wamesimama wakimzunguka yule kipofu, wakimsikiliza.