MCA mmoja, watu 52,000: Mipaka ya wadi inakuhusu

MCA wako hashiki simu? Kabla ukasirike, piga hesabu.

Nairobi ina wadi 85, zilizochorwa 2012 kwa kutumia sensa ya 2009. Jiji lilikuwa na watu milioni 3.1, wastani wa 37,000 kwa kila wadi. Sensa ya 2019 ikapata milioni 4.4. Wadi ni zilezile, lakini diwani mmoja sasa ana takriban watu 52,000. Basari na taa za mtaa mnang'ang'ania nyote.

Katiba inaitaka IEBC ipitie idadi na mipaka ya wadi mara kwa mara. Ikiita maoni ya wananchi, usiwaachie wazee wa mtaa pekee. Nenda useme mtaa wenu umejaa kiasi gani. Mipaka hii ya 2012 tushaipigia kura mara tatu: 2013, 2017 na 2022.