Kichwa cha Klasta: Mbona na Shingo Inauma?



Wengi wetu kichwa kikiuma tunasema ni kipandauso, tunameza panadol, yakaisha. Lakini kuna maumivu mengine ambayo madaktari huyaita ya klasta, kwa sababu huja kwa mfululizo. Kwa wiki kadhaa au miezi unaumwa karibu kila siku, mara nyingi saa ileile, halafu yanatoweka hata mwaka mzima. Huwapata takriban mtu 1 kati ya 1,000, na kwa wengi huanza kati ya miaka 20 na 40, yaani umri wetu huu huu. Mimi ni mmoja wao. Leo nazungumzia jambo moja linalowapoteza watu njia: shingo.

Kwanza dalili zenyewe. Maumivu hushika upande mmoja, nyuma ya jicho au kwenye panja, na makali yake siyo mchezo. Jicho la upande huo huwa jekundu na kutoa machozi, pua huziba, kope hulegea. Hudumu dakika 15 hadi saa 3, na yanaweza kurudi mpaka mara 8 kwa siku. Mwenye kipandauso hutaka kulala gizani. Wa klasta hatulii, anazunguka chumbani usiku kucha.

Sasa, wengi wetu shingo nayo hukaza au kuuma upande uleule, pengine kabla kichwa hakijaanza. Hapo kila mtu ana lake: umelala vibaya, umeinamia sana kompyuta. Basi unanunua mto mpya, unachuliwa, unapigwa picha ya shingo, na miaka inapita.

Ukweli ni huu. Neva inayobeba maumivu ya jicho na uso hushuka mpaka sehemu ya juu ya uti wa mgongo, ndani ya shingo. Pale inakutana na neva zinazotoka shingoni na kisogoni. Ni kama laini mbili za simu zinazopokelewa na mtu mmoja: ubongo hauwezi kujua vizuri nani amepiga. Ndiyo maana hata sindano ya kisogoni inaweza kutuliza maumivu ya jicho. Chanzo chenyewe kinahusiana na haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoendesha saa ya mwili. Mwaka 1998 watafiti wa London walionyesha kwa picha za ubongo kwamba sehemu hiyo huchangamka wakati wa shambulio. Kwa hiyo shingo inauma kweli, ila si yenyewe iliyoanzisha.

Matibabu yapo. Vidonge vya kawaida huchelewa. Kinachosaidia haraka ni oksijeni safi kwa barakoa, lita 12 hadi 15 kwa dakika (usivute sigara karibu nayo!), au sindano ya sumatriptani. Kuzuia, hutumika verapamili huku moyo ukipimwa. Na wakati wa msimu wa maumivu, pombe hata kidogo inaweza kuyaamsha.

Lakini tusichanganye mambo. Shingo ngumu pamoja na homa, au kuchanganyikiwa, au vipele, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Maumivu ya ghafla ya shingo na kope kulegea kwa mara ya kwanza yanaweza kuwa mshipa wa damu uliochanika. Kichwa kilichopasuka ghafla kuliko siku zote nacho ni hatari. Usisubiri asubuhi: piga 999 Uingereza, 911 Marekani.

Ukienda kwa daktari, nenda na karatasi: saa yalipoanza, upande gani, dakika ngapi, jicho lilikuwaje. Anza kueleza jicho, ndipo useme shingo. Ukianza na shingo, utatibiwa shingo.

Tuangaliane, ndugu zangu. Ugenini hapa ndugu yako ni mwenzako wa chumba cha pili.