Majina ya Usonji na Wanaoyabeba

Mwezi wa Mei mwaka 2013, chama cha madaktari wa maradhi ya akili cha Marekani kilipotoa chapa ya tano ya kitabu chake cha kupambanulia maradhi hayo, kitabu ambacho matabibu wa nchi ile hukirejea kama kadhi arejeavyo sheria, walipatikana watoto wengi ambao jana yake walikuwa na jina, na leo yake jina hilo halimo tena kitabuni. Hali ya Asperger, iliyokuwa imetiwa katika chapa ya nne ya mwaka 1994, ilifutwa. Ikafutwa pamoja nayo ile hali yenye jina refu mno, waliyopewa watoto ambao hawakutimiza masharti ya jina lingine lolote. Na zote zikakusanywa chini ya istilahi moja ya wigo wa usonji, tofauti baina yao ikabakizwa katika daraja tatu za haja ya msaada. Mtoto mwenyewe hakubadilika hata kidogo: alikuwa angali akiziba masikio kengele ya shule ilipolia, angali akijua kwa moyo nyakati za magari moshi yote ya mji wake, na angali hajui la kumjibu mwenzake amwitaye kucheza.

Majina haya hayakushuka kutoka mbinguni. Leo Kanner, tabibu wa watoto huko Baltimore, aliandika mwaka 1943 habari za watoto 11 walioishi kama kwamba watu wengine hawapo. Na mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaandika za watoto waliokaribiana nao, ila hawa walisema kwa ufasaha, pengine kwa ufasaha uliopita umri wao. Maandishi ya Asperger, kwa kuwa yalikuwa ya Kijerumani na yalitoka katikati ya vita, yalikaa gizani mpaka mwaka 1981, alipoyatoa Lorna Wing, tabibu wa London ambaye pia alikuwa mama wa binti mwenye usonji. Ajabu ni kwamba bibi huyu, aliyelieneza jina la Asperger, ndiye pia aliyeshikilia kwamba hali zote hizo ni wigo mmoja usio na mipaka mikali ndani yake.

Wataalamu walioyaunganisha majina hawakukosa hoja. Uchunguzi wa Catherine Lord na wenzake, uliotangazwa mwaka 2012, ulihusisha watoto zaidi ya 2,000 katika vituo 12 vya vyuo vikuu, ukadhihirisha kwamba kilichoelekea zaidi kuamua jina la mtoto si tabia zake, bali ni kituo alikopelekwa. Jina linalotegemea mlango aliobisha mzazi si jina la kuaminika, na kwa hoja hiyo mimi nawaunga mkono. Shirika la Afya Duniani nalo likafuata njia hiyo hiyo katika mpangilio wake unaotumika tangu Januari 2022.

Lakini jina la namna hii lina wenyewe watatu, na daktari ni mmoja wao tu. Wa pili ni karani. Sheria ya elimu ya Marekani imeutaja usonji kwa jina lake tangu mwaka 1990, na kufikia mwaka 2019 majimbo yote 50 yalikwisha kuyawajibisha makampuni ya bima, kwa kiasi hiki au kile, kulipia matibabu yake. Kwa hiyo neno moja katika cheti laweza kuwa ndilo linalomlipa mwalimu wa kumfundisha mtoto kusema. Huko California, ambako sheria ya huduma kwa walemavu ilitaja usonji wala haikutaja Asperger, mtoto wa jina la pili aghalabu alirudishwa mlangoni. Majina yalipounganishwa, wazazi wake wakapata hoja ambayo hawakuwa nayo. Kwingine hofu ilikuwa kinyume cha hiyo. Kitabu kipya kiliagiza kwamba aliyekwisha thibitishwa kwa jina la zamani apewe jina jipya pasipo kupimwa upya, na hilo liliwatuliza wengi. Ila mdogo wake, aliyekuja kupimwa baadaye, ambaye hujikwaa katika mazungumzo lakini hana mazoea ya kurudia-rudia mambo, huenda akapewa jina la tatu, la upungufu wa mawasiliano ya kijamii, ambalo sheria nyingi za bima hazikulijua kabisa. Ndugu wawili, nyumba moja, na mmoja ana haki asiyokuwa nayo mwenziwe.

Hata zile daraja tatu, kitabu chenyewe kimeonya zisitumiwe kuamua nani apate huduma na nani asipate. Onyo hilo limo katika maelezo ambayo karani hayasomi. Anachokiona yeye ni tarakimu. Na mzazi ambaye mtoto wake ameandikiwa daraja ya kwanza, kwa kuwa siku ya kupimwa alikuwa ameshiba, amelala vizuri na chumba kilikuwa kimya, hujikuta akitamani, kwa haya kubwa, kwamba laiti mwanawe angelia siku ile.

Mwenye jina wa tatu ni yule anayelivaa. Watu wengi waliokua na jina la Asperger walilifanya lao, wakalifupisha kwa mapenzi, wakatafutana kwalo. Na kijana aliyeambiwa akiwa na miaka 12 kwamba hii ndiyo sababu ya upweke wake, hakulipokea kama ugonjwa, bali kama nasaba. Kisha mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech akatoa ithibati kutoka nyaraka za Vienna kwamba Asperger, zama za Wanazi, aliwahi kupeleka watoto Spiegelgrund, mahali ambapo watoto walemavu waliuawa. Wako waliolitupa jina siku hiyo hiyo, pasipo kushurutishwa na kitabu chochote. Na wako waliobaki nalo, si kwa kumheshimu tabibu yule, bali kwa kuwa ndilo walilojijulia, na cheti kipya, kilichosainiwa na daktari ambaye hakuwahi kuwaona wakiwa wadogo, hakikuwaambia lolote wasilolijua.