Lugha za Ziwani

Mwamgongo ni kijiji kilicho kando ya ziwa Tanganyika, kaskazini ya msitu wa Gombe. Mbele yake ni maji, na nyuma yake ni milima. Lugha ya wenyeji ni Kiha. Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, watu husema Kirundi, nacho chafanana sana na Kiha. Katika lugha zote mbili mtu huitwa umuntu, na Mha na Mrundi waweza kusikizana bila mkalimani. Lakini avukaye ziwa kwenda magharibi hufika Kongo, kwa Wabembe na wengine wenye lugha zao. Basi wavuvi na wachuuzi wa pande hizi wakikutana husema lugha gani? Husema Kiswahili, kilichofika Ujiji pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani katika karne ya 19.

Ziwa ni moja, walakini nchi zinazolizunguka ni nne, na kila serikali imechagua lugha ya kazi zake. Zambia imechagua Kiingereza, na Kongo Kifaransa. Burundi ina Kirundi na Kifaransa, na mwaka 2014 iliongeza Kiingereza. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na mwaka 1967 serikali ya Tanzania iliagiza Kiswahili kitumike katika kazi zake. Hata hivyo, Kiingereza kilibaki katika shule za sekondari na mahakama za juu.

Kuchagua lugha si jambo dogo. Mfikirie mvuvi ambaye kesi yake imefika Mahakama Kuu, na hukumu imeandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Je, ameshinda au ameshindwa? Hana budi kumwuliza mtu mwingine habari ya maisha yake mwenyewe. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza chaweza kutumika haki ikihitaji hivyo.

Je, sasa Kiha kitupwe? La, hasha. Wako wazee wasiojua vema ila Kiha. Mzee wa namna hiyo akisimama mbele ya hakimu, hata Kiswahili humpita, naye huhitaji mkalimani. Mkalimani huyo atatoka wapi? Atatoka miongoni mwa watoto waliojifunza Kiswahili shuleni, wala hawakuisahau lugha ya mama zao.