Krediti za masta nazo zina mwisho wake

Juzi jioni nilikaa kornishi ya Matrah na binti wa kaka yangu, mbele yetu Bandari ya Sultan Qaboos. Meli ya watalii imefunga gatini, taa zote zinawaka. "Ami," akanambia, "mtoto akianza skuli nitarudi kumalizia masta. Kozi zangu tatu zipo."

Nikamuuliza, zipo mpaka lini? Hajui.

Hata mimi sikujua. Nilikuwa nafanya kazi za shehena papa hapa bandarini, jioni nasoma. Nilianza 2011, kozi mbili kwa mwaka, mpaka kati ya 2014 nikawa nazo sita kati ya kumi. Mwaka huo shehena za biashara zikahamishiwa Bandari ya Sohar, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na Matrah ikaachiwa utalii. Nikaifuata kazi. Masomo nikayaacha bila ya kuaga.

Niliporudi 2018 chuo kikanambia: krediti zinadumu miaka sita, na inahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya kuhitimu. Kwa mwendo wangu ningehitimu 2020, basi za kabla ya 2014 zimekufa. Kozi nne zikaenda. Na ningezirudia hizo nne kwa miaka miwili mingine, hata zile mbili zilizopona zingekufa. Nikakata tamaa. Kanuni ilikuwemo kitabuni tangu siku ya kwanza, sikuifungua.

Basi nyinyi wenye masomo ya nusu, ulizeni mapema. Vyuo vingi vinaweka muda wa miaka mitano mpaka saba, lakini kila kimoja na hesabu yake: kuna kinachoanzia kozi ya kwanza, kuna kinachorudi nyuma kama changu. Ukilazimika kusimama, omba kuahirisha kwa maandishi, na uliza kama muda huo unakatwa au saa inaendelea kukimbia. Ukiweza, chukua japo kozi moja kwa mwaka usitoke daftarini.

Weka matokeo yako rasmi pamoja na muhtasari wa kila kozi. Ukihamia chuo kingine, jina la kozi peke yake halitoshi. Watataka kuona ulisoma nini. Na vyuo vingi havipokei krediti zote za nje, ila sehemu tu. Wala usilinganishe namba kwa namba: Marekani masta mara nyingi ni krediti 30 hivi, Ulaya ni 60 mpaka 120, na moja ya Ulaya ni saa 25 mpaka 30 za kazi. Kama unataka kumalizia nje au kwa intaneti, uliza kwanza wizarani kama shahada hiyo itapata muadala hapa Oman. Uliza kabla ya kulipa ada.

Ukiona huwezi kufika mwisho, uliza kama kozi ulizonazo zinatosha stashahada ya uzamili. Bora cheti kidogo kuliko kozi zilizooza.

Binti yetu aliwaandikia usiku ule ule. Jibu limekuja: akianza muhula ujao, tatu zote zinahesabika. Akingoja mtoto aende skuli, hana kitu.

Bibi yake kashasema, jioni mbili kwa wiki mtoto aletwe kwake.