Namba Tasa: Kufuli Lisilo la Chuma

Mwananchi wa Kampala atumapo fedha zake za benki kwa njia ya intaneti, hapana askari asimamaye kati yake na mwizi. Mara nyingi mlinzi wake ni namba. Basi yafaa tuielewe namba tasa, yaani ile isiyogawanyika sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe, kama vile 7, 13 na 31.

Tuchukue mbili 31, tuzizidishe pamoja, kisha tuondoe moja. Tutapata 2,147,483,647. Je, hiyo ni tasa? Mtu wa papara angeijaribu kwa kila namba tasa iliyo chini ya 46,341, nazo ni maelfu. Mwaka 1772 Leonhard Euler, mtaalamu wa Uswisi aliyekuwa amekaribia kupofuka kabisa, alitanguliza fikra. Alijua kwamba namba tasa yoyote iwezayo kuigawa hiyo sharti ibakishe moja inapogawanywa kwa 62. Kwa sharti hilo na jingine la namna yake, namba za kujaribiwa zilipungua zikawa hazifiki mia moja. Hapana hata moja iliyoigawa. Namba ile ni tasa.

Faida yake ni nini? Mfanyabiashara wa soko la Nakasero atazidisha 59 kwa 73 upesi, apate 4,307. Lakini mpe 4,307 peke yake, umwulize imetokana na zipi, atahangaika. Juu ya ugumu huo Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walijenga kufuli lao mwaka 1977 huko Marekani. Namba kubwa hutangazwa kwa wote. Namba tasa mbili zilizoizaa hufichwa. Mwaka 2020 wataalamu waliipasua namba ya namna hiyo yenye tarakimu 250, kwa msaada wa kompyuta nyingi mno. Kufuli za siku hizi hutumia tarakimu zaidi ya 600.

Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, iliyogunduliwa na Luke Durant wa Marekani. Ilizipita zote zilizojulikana. Hata hivyo haifai kuwa kufuli, kwa sababu dunia nzima inaijua. Sisi tuliofunzwa kulinda lindo twafahamu vema jambo hilo: neno la siri likishajulikana mjini, halimzuii adui.

Hapana budi vijana wetu, tangu shule za msingi hadi Makerere, waache kuliogopa somo la hesabu. Akiba za wananchi na siri za taifa zinalindwa kwa elimu hiyo. Tukiwa watu wa kununua kufuli tu, pasipo kujua limeundwaje, hatutatambua siku litakapokuwa limevunjwa.